Kocha aliyenifundisha kuogelea anawashindanisha wanafunzi kuzuia pumzi. Nimwambieje?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari. Kipindi cha kuogelea tunakiendesha wawili: mimi na mwalimu mkongwe ambaye ndiye mkuu wa idara. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea nikiwa mwanafunzi, na ndiye aliyenipigania nikapata kazi hapa. Shule nzima inamwita Kocha, nami namwita hivyohivyo. Anakaribia kustaafu.

Darasa lina wanafunzi 28 wa kati ya miaka 13 na 17. Bwawa ni la mita 25, lina njia 4. Kipindi ni cha saa moja, lakini ukitoa muda wa kuvua na kuvaa mnabaki na dakika kama 40 majini. Kila mwisho wa muhula kuna jaribio la dakika 12: mwanafunzi anaogelea mfululizo, tunaandika mita alizofika. Uongozi unataka wastani upande, na Kocha anaamini dawa ni kuwakaza.

Katika kukaza huko kuna mambo mawili yanayoninyima usingizi.

La kwanza ni msongamano. Anawapanga saba saba kwa kila njia akifuata orodha ya majina, wepesi na wazito pamoja, wa mtindo huru na wa mtindo wa kifua humohumo. Wanaachana kama sekunde 10, kisha kila mmoja anaogelea mita 100, wanarudia mara 4. Mita 50 za mwanzo huwa shwari. Wakishageuka kuanza 50 za pili, watu wanapandana. Muhula huu msichana mmoja amepasuliwa mdomo na kisigino, na mvulana mmoja amegongwa pua ikatoka damu. Nimeangalia vizuri: karibu kila mara ni palepale, mita chache kutoka ukuta wa kuanzia. Kocha anasema ni uzembe, hawatazami mbele.

La pili ni mashindano ya mwisho wa kipindi. Wanasimama ukutani, wanavuta pumzi nyingi za harakaharaka, wanazama na kuogelea chini ya maji bila kuibuka. Anayefika mita 25 anapigiwa makofi. Wapo vijana wawili hodari ambao sasa wanataka kugeuka na kurudi. Kocha anasema mchezo huo unapanua mapafu na ndio siri ya kufanya vizuri kwenye dakika 12. Wanafunzi wanaupenda mno. Ndiyo sehemu pekee ya kipindi ambayo hakuna anayetega.

Bwawa lina mwokoaji, lakini wakati wetu mara nyingi yuko chumba cha pampu akipima dawa ya maji, kwa kuwa “walimu wapo”.

Nilijaribu kumgusia Kocha. Akacheka: “Wewe mwenyewe nilikupitisha humo. Ulikufa?” Nikanyamaza. Nimewaza kwenda kwa mkuu wa shule, lakini naona nitakuwa nimemuuza mzee aliyenilea. Nimewaza kungoja astaafu. Wenzangu wananikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na muhula ujao anataka kuwaanzishia kuruka kwa kichwa.

Nifanyeje?

Mwalimu msaidizi


JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nikikusoma vizuri, unaona yanayofanyika bwawani yanaweza kumuumiza mtoto, na anayeyafanya ni mtu uliyemzoea kama mzazi. Ukisema, unaogopa kuonekana mtovu wa shukrani. Ukinyamaza, unaogopa siku ambayo kunyamaza kwako kutaulizwa. Juu ya hayo kuna wastani wa dakika 12, ambao uongozi unautaka kwenu nyote wawili.

Kabla ya kufika kwa Kocha mwenyewe, ruhusu nitenganishe yale mambo mawili. Umeyaandika kama mzigo mmoja, lakini hayana uzito sawa wala haraka sawa. Msongamano unaweza kuurekebisha taratibu. Mashindano ya pumzi hayana nafasi hiyo.

Kinachomlazimisha mtu kupumua ni kujaa kwa hewa ya ukaa kwenye damu, si kupungua kwa oksijeni. Kijana aliyetulia ukutani, damu yake tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Zile pumzi za harakaharaka hazimwongezei akiba ya maana. Zinachofanya ni kuipeperusha hewa ya ukaa. Ni kama kung’oa kengele ya moto halafu kuwasha jiko. Anazama akijihisi mwepesi, hana hamu ya kupumua, huku misuli inakula oksijeni kwa kasi. Oksijeni inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu kabla ile hamu haijarudi. Hapigi kelele, harushi mikono, na wakati mwingine mwili unaendelea kusogea kidogo, hivyo aliye ukingoni anadhani bado anashindana. Kina cha maji hakisaidii: hutokea hata pale anapoweza kusimama.

Angalia sasa ni nani yuko hatarini zaidi. Si yule dhaifu anayeibuka mita ya 10 akikohoa. Ni wale hodari wako wawili wanaotaka kugeuka na kurudi, kwa sababu ndio waliojizoeza kuipuuza hamu ya kupumua. Na swali la Kocha, “Ulikufa?”, lina kasoro moja: wanaoweza kulijibu ni waliopona tu.

Lakini usiharakishe kuamini kwamba Kocha hajali. Miaka ya 1970 kocha wa Marekani James Counsilman alieneza mazoezi ya kupunguza pumzi, kwa mfano kuvuta pumzi mara moja kila mikono 5 au 7, akitarajia mwili uzoee oksijeni haba. Makocha wengi waliyapokea na kuyarithisha. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba zoezi hilo hasa linajaza hewa ya ukaa, wala halileti faida ile iliyotarajiwa. Tena lile lilikuwa zoezi la juu ya maji, mtu anaweza kupumua wakati wowote akizidiwa. Mashindano ya chini ya maji ni kitu kingine kabisa. Huenda mzee wako anashikilia alichofundishwa na watu aliowaheshimu, kama wewe unavyomheshimu yeye. Ukimwendea kwa mlango huo, hutakuwa umemwambia kwamba maisha yake yote alikosea.

Na usiende mikono mitupu, maana ukiliondoa zoezi wanalolipenda unaacha pengo mwisho wa kipindi. Wape kujisukuma kutoka ukutani na kuteleza chini ya maji hadi mita 5 tu, mmoja mmoja, kwa pumzi moja ya kawaida, kisha aibuke na apumue vya kutosha kabla ya zamu nyingine. Anayeshinda ni aliyenyooka vizuri zaidi, anayefika mita 5 kwa mateke machache kuliko wenzake. Kama ni mapafu, wafundishe kutoa pumzi mfululizo uso ukiwa majini na kupumua kila mikono 3, pande zote mbili. Wanafunzi wengi wanaoishiwa pumzi kwenye dakika 12 hawana mapafu madogo. Wanaibana pumzi majini, halafu wanataka kutoa na kuvuta kwa sekunde moja wakigeuza kichwa.

Sasa msongamano, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako ina jibu ambalo hukulitambua. Umesema wanapandana karibu na ukuta wa kuanzia, baada ya mita 50. Fanya hesabu. Watu 7 wakiachana sekunde 10, wa saba anatoka sekunde ya 60. Kijana wa mbele mwenye uwezo wa kawaida anamaliza mita 50 kwa sekunde 60. Basi anageuka ukutani wakati uleule mwenzake wa saba anajisukuma. Kila mara. Kama wa saba ni mzito na anapiga mateke mapana ya mtindo wa kifua, kisigino chake kiko usawa wa mdomo wa anayemfuata. Hakuna uzembe hapo. Hata wakitazama vipi, ratiba yenyewe imewagonganisha.

Wakipungua kuwa 6 haitoshi, kama bado ni mita 100. Wa sita anatoka sekunde ya 50. Akiwa anatumia sekunde 75 kwa mita 50, kiongozi anayegeuka sekunde 10 nyuma yake anamfikia baada ya mita kama 33, yaani wakishageuka ukuta wa mbali. Umeuhamisha mgongano tu.

Badala yake, katika njia ya watu 6 fanya mita 50 mara 8, kila mmoja akitoka upya kila baada ya dakika 1 na nusu. Wa mbele anafika sekunde ya 60, anapumzika 30. Wa mwisho anatoka sekunde ya 50, anafika dakika 2 na sekunde 5, anatoka tena dakika 2 na sekunde 20, kwa hiyo ana mapumziko ya sekunde 15. Mbio zinaisha kwa dakika 13 hivi, na kila mmoja ameogelea mita 400, sawasawa na zile 100 mara 4 za Kocha. Hajapunguziwa hata mita moja. Kwa hiyo lile wazo linalojificha kwenye barua yako, kwamba utakuja kuchagua kati ya usalama na matokeo, silioni likisimama. Mwanafunzi anayesimamasimama kukwepa miguu ya mwenzake hafanyi mazoezi ya moyo. Anafanya mazoezi ya kukwepa.

Njia 4 za watu 6 ni wanafunzi 24. Wanne wanabaki ukingoni na kubadilishana na wenzao. Usiwape kazi ya uongo. Wawili wahesabu mizunguko, wawili waandike muda. Kuongeza ugumu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: ama rudio 1 zaidi, ama sekunde 5 pungufu kwenye dakika 1 na nusu, kila baada ya wiki mbili, mradi wa mwisho katika njia asibaki na mapumziko chini ya sekunde 10. Wakifika ukutani wahesabu mapigo shingoni kwa sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, ila usiyalinganishe na ya uwanjani, kwani majini moyo hupiga polepole kidogo. Mimi naamini zaidi kipimo cha maneno: anayeweza kukujibu sentensi fupi yuko sawa, anayejibu kwa kichwa tu amezidisha.

Orodha ya majina iacheni. Pimeni mita 50 za kila mmoja kwa mwendo anaouweza, mpange njia kwa muda huo, mwepesi akiwa mbele katika kila njia. Wasioweza 50 mfululizo wapewe njia ya pembeni, upande wanaoweza kushika ukingo, waogelee 25 mara nyingi zaidi. Wa mtindo wa kifua wakae pamoja, au wote wabadilishe mtindo kwa pamoja.

Ndani ya njia kila mtu abaki upande wake wa kulia, mmoja akienda mwingine akirudi. Kama kamba za kutenga njia zimelegea na mikono inagongana juu yake, geuza mzunguko njia moja hadi nyingine: ya kwanza washike kulia, ya pili washike kushoto. Hapo walio pande mbili za kamba moja wanakwenda upande mmoja, na mikono haikutani uso kwa uso. Anayemaliza aguse ukuta, asogee upande wa kutokea, asigande alipogusia. Anayetaka kupita amguse mwenzake mguuni mara moja, na aliyeguswa anasimama kwenye kona ukutani, si katikati ya njia. Kuogelea chali kwenye njia iliyojaa mimi ningekuacha kabisa kama hakuna bendera zile zinazoning’inia mita 5 kutoka ukutani, kwa sababu hakuna kingine kinachomwambia mwanafunzi kichwa chake kiko wapi.

Jaribio lenyewe la dakika 12 haliwezi kufanywa na watu 28 kwa mpigo, kwa kuwa ni mwendo wa mfululizo na lazima wapitane. Gawanyeni makundi mawili ya 14. Kundi moja linaogelea, 3 au 4 kwa njia, jingine liko ukingoni, kila mmoja akimhesabia mwenzake mmoja. Dakika 24 kwa jumla, mnabaki na 16 za kupasha mwili na kubadilishana. Na huenda wastani ukapanda hapohapo kabla ya zoezi lolote, kwa sababu hakuna atakayekuwa amesimama kusubiri njia.

Sasa twende kwa Kocha. Naona milango kadhaa, na kila mmoja una gharama yake.

Unaweza kuzungumza naye faragha. Mbele ya wanafunzi kila mkubwa hutetea cheo chake kwanza; akiwa peke yake, yule aliyekupigania ana nafasi ya kujitokeza. Mweleze hesabu ya yule wa saba kwa karatasi na kalamu, umwache aimalizie mwenyewe. Kisha umwombe kitu kidogo chenye mwisho: “Kocha, naomba wiki nne nipange njia, wewe ushike saa. Tukiona matokeo yameshuka, turudie utaratibu wako.” Kuhusu pumzi usiweke majaribio ya wiki nne, omba lisimame tangu kipindi kijacho. Hatari ya mlango huu ni kwamba anaweza kucheka tena, nawe ukanyamaza tena. Amua mapema sentensi yako ya pili itakuwa ipi.

Unaweza kuomba kanuni za bwawa ziandikwe na kubandikwa, zikiwa za shule nzima, kwa hiyo hazimlengi mtu: hakuna kuzuia pumzi kwa kushindana, hakuna kuvuta pumzi za haraka kabla ya kuzama, mwokoaji awe ukingoni muda wote wanafunzi wakiwa majini, na yeyote anayesimamia anaweza kusimamisha kila kitu kwa filimbi moja ndefu. Njia hii inamhifadhi mzee uso wake. Lakini huchukua muda, na kanuni isiyosimamiwa na mtu hubaki ukutani.

Kumwona mwokoaji hakuhitaji ruhusa ya Kocha. Waokoaji hufundishwa kupitisha macho eneo lao lote ndani ya sekunde 10 na kumfikia mtu ndani ya sekunde nyingine 20. Hilo haliwezekani kutoka chumba cha pampu, wala kwa mwalimu anayesoma saa. Muulize pia ni mwanafunzi gani ana kifafa au pumu na yuko njia ipi. Kama hajui, mna kazi ya kufanya pamoja.

Kwenda kwa mkuu wa shule umekuita kumuuza mzee. Huenda ni hivyo, ukienda kimyakimya kabla hujasema naye. Je, ukimwambia mapema kwamba hili la pumzi hutaweza kulisimamia na utalazimika kulifikisha juu? Anaweza kukasirika, na uhusiano wenu ukabadilika kwa muda, pengine kwa muda mrefu. Hilo sikuahidi litapita. Ila nakuuliza: wazazi wa wale vijana wawili wangekuwa wamekaa ukingoni, na wanaelewa unachokielewa sasa, wangetegemea nini kutoka kwako?

Kungoja astaafu ndio mlango usiogharimu chochote leo. Kwa msongamano, unaweza kungoja kwa kiasi fulani huku ukijitolea kupanga njia mbili kati ya nne. Kwa pumzi, kila mwisho wa kipindi ni zamu nyingine. Ikitokea mashindano yameanza nawe upo kabla hamjakubaliana, piga filimbi, watoe majini wakahesabiwe. Kuhesabu wanafunzi hakumvunjii mtu heshima.

Yale majeraha mawili yaandikwe kwenye kitabu cha matukio, kama bado: tarehe, njia, zoezi, umbali kutoka ukutani. Usiandike kosa ni la nani. Karatasi hiyo itakusaidia kuzungumza na Kocha pia, kwa kuwa yeye ni mtu wa namba.

Kuhusu kuruka kwa kichwa, siwezi kukushauri zaidi kabla ya kujua kina cha maji upande wa kuanzia. Sheria za kimataifa za mashindano zinataka angalau mita 1.35 palipo na vibao vya kuanzia, tangu mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani, na hicho ni kipimo cha waogeleaji wanaojua tayari kuruka kwa kina kifupi, si cha anayejifunza. Pimeni kwa fito, msitegemee namba iliyochorwa ukingoni, maana maji hushuka. Uniandikie mlichopata. Mpaka hapo, waingie kwa miguu.